Kutotolesha Vifaranga Nyumbani Fedha Inapokuwa ya Shida

Anayetaka ada ya Januari itoke kwenye banda la kuku aanze hesabu yake mwezi Juni, kwa sababu yai hulaliwa siku 21 na jogoo wa kienyeji huhitaji miezi mitano au sita ndipo afike sokoni akiwa na uzito wa kueleweka. Nalitanguliza jambo hili kwa kuwa wengi wetu tuliobanwa na maisha hukumbuka kuku Novemba, tukakopa ili kununua mashine ya kutotolea, umeme ukakatika usiku mmoja, na mayai yote yakaharibika huku deni likibaki palepale. Mwenye matetea matatu na jogoo mmoja hahitaji mkopo, kwani tetea aliyeanza kulalia ni mashine isiyotumia umeme.

Kazi huanza kwenye kukusanya mayai. Yaokote kila siku, uandike tarehe kwa penseli juu ya ganda, kisha uyapange ncha iliyochongoka ikiangalia chini kwenye kikapu chenye mchanga mkavu, katika chumba chenye ubaridi. Yai lililokaa zaidi ya siku 10 lipeleke jikoni, maana uwezekano wa kutotoa hupungua kila siku inayopita. Acha pia mayai madogo mno, yenye nyufa au yenye umbo la ajabu, na usiyaoshe hata yakiwa na uchafu kidogo, kwa kuwa maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Hapa ndipo ugumu wa maisha unapouma zaidi: watoto wanataka mboga, na mayai 30 yako kikapuni. Sisi tulikubaliana kwamba yaliyopita siku 10 na yale yenye kasoro ni ya kula, mengine hayaguswi, na makubaliano hayo yalipunguza manung'uniko kuliko marufuku ya jumla.

Jitahidi kulalisha matetea mawili au matatu siku moja. Anayetangulia kulalia, yaani asiyetoka kiotani hata usiku na anayevimba manyoya akisogelewa, muwekee mayai mawili matatu ya kumshikilia mpaka wenzake wafuate, kisha uyaondoe jioni giza likishaingia na kumwekea mayai uliyoyachagua. Kuku wa kienyeji hufunika vizuri mayai 10 hadi 13, na akizidishiwa, ya pembeni hupoa. Kiota kiwe na nyasi kavu juu ya tabaka la majivu, maana utitiri ukimshambulia atayakimbia mayai hata awe mlezi hodari kiasi gani. Maji na punje za mahindi viwe karibu ili atoke kwa muda mfupi tu.

Siku ya saba, usiku, mulika kila yai kwa tochi ya simu. Lenye uhai huonyesha doa jeusi lenye mishipa iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lililo angavu tupu halina kitu, na lenye utando wa damu kama pete limekufa. Yote hayo yaondolewe, kwani yai viza likipasuka huchafua mengine. Rudia siku ya 14, na kuanzia siku ya 18 usiguse tena. Kifaranga akishadonoa ganda anaweza kuchukua hata siku nzima kabla ya kutoka. Mwaka wangu wa kwanza niliingiwa na huruma nikambandua mmoja kwa kucha. Mishipa ilikuwa bado haijakauka, akatoka damu na kufa kiganjani mwangu.

Vifaranga wakishakauka, nakushauri uwatenge na mama zao na kuwalea mwenyewe, kwa kuwa tetea aliyeachiwa watoto hukaa miezi miwili au mitatu bila kutaga, ilhali aliyetengwa na kulishwa vizuri hurudi kutaga mapema zaidi. Mwewe na vicheche nao hukosa riziki. Wakalishe kwenye boksi au kinengunengu, yaani uzio wa kulelea vifaranga, cha duara kisicho na kona, ili wasirundikane na kukandamizana. Juma la kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Asiye na kipimajoto atazame tu: wakijikusanya na kulia wanaona baridi, wakikaa mbali na moto huku midomo ikiwa wazi wamezidiwa. Ukitumia jiko la mkaa, acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, na kamwe usiliweke chumba wanamolala watu, kwani hewa yake huua kimyakimya.

Chakula cha dukani ndicho kinachowavunja watu moyo. Kinunue kwa majuma mawili ya kwanza ukiweza, kisha uchanganye mahindi yaliyoparazwa, pumba laini, mashudu ya alizeti na dagaa waliotwangwa. Mchwa ni bure: jaza chungu kikuukuu nyasi kavu na kinyesi cha ng'ombe kilicholowekwa, kifudikize juu ya njia yao jioni, na asubuhi ukikung'ute mbele ya vifaranga.

Chanjo ya mdondo, yaani ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle, usiiruke kwa kisingizio chochote. Tone moja jichoni katika juma la kwanza, rudia baada ya majuma matatu, kisha kila miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko ulio nao, kwa hiyo changeni majirani wanne watano na mchanje siku moja, jambo ambalo pia huzuia ugonjwa kuvuka ua kutoka kwa jirani asiyechanja. Mwezi Desemba uza majogoo kabla ya Krismasi, wakati bei iko juu, na ubakize vitetea vilivyotokana na mama waliolalia vizuri.