Ukiitwa kutoa damu Lamu: mambo ya kuzingatia kabla

Mgonjwa akihitaji damu hapa Lamu, habari hupita mitaani upesi, na watu hukimbilia hospitali kwa moyo safi. Kabla hujatoka nyumbani, au ukiwa bado kwenye boti kutoka Mokowe, yapitie haya.

Mepesi kwanza: uwe na miaka 16 hadi 65 na uzani wa kilo 50 au zaidi. Kama ulishatoa damu, mwanamume hungoja miezi mitatu, mwanamke minne. Kula, unywe maji ya kutosha. Ukiwa umefunga, nenda baada ya kufuturu.

Zito ni la virusi. Mfuko mmoja huingia mililita 450 hivi, na mhudumu hujaza pia vichupa vidogo vya maabara. Humo hutafutwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, pamoja na kaswende. Wengi husema, si watapima? Watapima. Lakini aliyeambukizwa juzi, kipimo hakimwoni bado. Hupita siku, na kwa homa ya ini hata wiki kadhaa, huku damu yake tayari inaweza kumwambukiza mgonjwa. Mimi homa ya ini B hunitia hofu zaidi: huambukiza kwa wepesi kuliko virusi vya Ukimwi, na mtu hukaa nayo miaka akijiona mzima kabisa.

Kwa hiyo maswali ya ile fomu yajibu kwa ukweli, na anza kujiuliza ungali nyumbani. Umepigwa hijama au kuchanjwa chale karibuni, na wembe ulikuwa mpya? Umechorwa tatoo? Umewahi kuchangia sindano? Una mpenzi mpya ambaye hali yake huijui? Uliwahi kuugua macho yakawa manjano? Ukitaka tu kujua hali yako, nenda kituo cha afya ukapimwe. Usiitumie damu ya kumpa mgonjwa kuwa njia ya kujipima.

Ukiwa na homa, subiri upone kabisa. Lamu tunaikumbuka chikungunya ya 2004, homa ya virusi iletwayo na mbu, na dengi, ya namna hiyo hiyo, nayo ipo pwani. Virusi hivi huzunguka kwenye damu siku za homa, na vipimo nilivyotaja havivitafuti.

Kuna na kuwaonea haya jamaa. Shangazi amelazwa, ukoo mzima umesimama nje ya wodi, wewe ndiye mwenye kundi linalotakiwa, na moyoni una shaka. Kukataa mbele yao ni kugumu mno, najua. Omba kuongea na mhudumu faraghani, umwambie damu yako isitumike. Huna haja ya kumweleza mjomba sababu. Waliokataliwa kwa upungufu wa damu au presha ni wengi, hakuna atakayeshangaa.

Ukishatoa, ihifadhi namba ya simu utakayopewa. Homa ikikushika siku chache baadaye, au ukakumbuka jambo ulilosahau kulisema, piga mara moja: chembe nyekundu huweza kukaa kwenye jokofu hadi siku 35, kwa hiyo huenda mfuko wako bado haujatumika na ukawahi kuondolewa.