Namna ya kupanga wasifu wa gavana aliyepitia mihimili kadhaa

Ukiandika wasifu wa gavana wa Pwani ya Kenya, usianze na miaka. Piga jedwali la safu tatu: Bunge, Serikali Kuu, Kaunti. Weka kila wadhifa kwenye safu yake, kisha ndipo ujaze tarehe.

Hassan Joho ni mfano mwepesi: mbunge wa Kisauni aliyechaguliwa Desemba 2007, gavana wa Mombasa kuanzia 2013 hadi 2022, waziri tangu Agosti 2024. Pengo kati ya ugavana na uwaziri liache wazi. Usilizibe kwa vyeo vya chama, maana chama si mhimili wa serikali.

Amason Kingi wa Kilifi ndiye anayewatatiza wengi. Kabla ya ugavana alikuwa mbunge wa Magarini na papo hapo waziri, kwa sababu zamani mawaziri walitoka bungeni. Mwaka mmoja basi utakuwa na alama katika safu mbili, na ni sawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 152, inamkataza waziri kuwa mbunge, kwa hiyo baada ya uchaguzi wa Machi 2013 ukiona alama mbili namna hiyo, jua umekosea. Kingi alimaliza vipindi viwili Kilifi, akawa Spika wa Seneti Septemba 2022. Mrudishe safu ya Bunge, lakini usimwite seneta: maseneta humchagua Spika kutoka nje yao.

Tarehe nazo zina mtego. Siku ya kura si siku ya kuingia kazini. Wakenya walipiga kura tarehe 9 Agosti 2022, lakini kura ya ugavana Mombasa iliahirishwa hadi tarehe 29, na Abdulswamad Nassir, mrithi wa Joho, akaapishwa tarehe 15 Septemba. Ukiandika "gavana tangu tarehe 9 Agosti", umemvua Joho wiki tano za kazi. Andika siku ya kiapo.

Kwa uthibitisho, uteuzi utafute katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa. Maneno ya bungeni yamo katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala. Katika Hansadi za kabla ya 2013, waziri hutajwa kwa cheo kwanza, jina likafuata kwenye mabano. Ukitafuta kwa jina la eneo bunge peke yake, hotuba zake zote za uwaziri zitakupita.