Kusafisha na Kuhifadhi Nyumbani Mapambo Yaliyotengenezwa kwa Mkono, Hatua kwa Hatua

Katika meza yangu ya usonara hapa Mombasa, mapambo mengi yanayoletwa kutengenezwa hayakuharibika fedha wala kito. Kilichoharibika ni uzi, gundi au lehemu, yaani kile kinachoyashikilia, na mara nyingi kimeharibiwa na usafi wa nyumbani uliofanywa kwa nia njema. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni moja: pambo husafishwa kwa kuangalia sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote, wala si ile iliyo ghali kuliko zote. Kidani cha fedha kilichotungiwa kaharabu hutunzwa kama kaharabu.

Hatua ya kwanza: lichunguze pambo kabla halijaona maji

Lilaze juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, wakati wa mchana. Zitenganishe shanga kwa ukucha, hasa zile zilizo karibu na kifungio, kwa kuwa hapo ndipo uzi unaposuguana na madini. Ukiona uzi umeota manyoya au umebadilika rangi, usilioshe pambo hilo mpaka litungwe upya. Pete au hereni yenye jiwe itikise karibu na sikio. Jiwe lililolegea hulia, hata kama kwa macho linaonekana limekaa sawasawa.

Kisha tafuta muhuri. Namba 925 ina maana kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu. Vikuku vya kale vya pwani na vya Oman mara nyingi havina muhuri, kwa sababu masonara walikuwa wakiyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za malkia wa Austria, zile zilizoendelea kupigwa chapa ya mwaka uleule wa 1780 hata baada ya malkia huyo kufariki. Fedha ya reale hizo ni kama sehemu 833 kati ya 1,000, na kwa kuwa shaba yake ni nyingi zaidi, pambo lililotokana nazo huwahi kusawijika.

Hatua ya pili: osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo

Tia maji ya uvuguvugu katika bakuli la plastiki, ongeza matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha sugua taratibu kwa mswaki laini wa mtoto. Usioshee juu ya sinki, kwani hereni iliyoteleza ikaingia bombani haina fundi. Suuza katika bakuli la pili, ukaushe kwa kipande cha kanga iliyochakaa, ambayo kwa kufuliwa miaka mingi imekuwa laini kuliko kitambaa chochote cha dukani, halafu uliache pambo kwenye hewa kwa saa kadhaa, kwa kuwa maji hujificha ndani ya pete za mkufu. Fedha, dhahabu na shaba zisizo na mawe, uzi wala gundi, mara nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya tatu: ondoa weusi wa fedha, lakini ujue ni weusi gani

Fedha haipati kutu kama chuma. Inapokutana na salfa iliyomo hewani, katika jasho, katika mayai au katika mpira, juu yake hujengeka utando ambao huanza kuwa wa manjano na kuishia kuwa mweusi, na unyevu wa pwani huharakisha kazi hiyo. Weusi mdogo uondoe kwa kitambaa maalumu cha kung'arishia fedha, ukisugua kwa mstari mnyoofu badala ya kuzungusha. Dawa ya meno siipendekezi hata kidogo, kwani ina chembechembe za kusugulia ambazo husafisha kwa kukwaruza.

Weusi uliokolea kwenye fedha tupu huondoka hivi: tandika karatasi ya foili ya jikoni ndani ya bakuli, upande unaong'aa ukitazama juu, uweke pambo liguse foili, unyunyize kijiko kikubwa cha bikaboneti ya soda na kijiko kidogo cha chumvi, kisha umimine nusu lita ya maji ya moto. Harufu kama ya yai viza itakayotoka isikutishe, kwani ni salfa inayoiachia fedha na kuhamia kwenye aluminiamu ya foili. Dakika mbili hadi tano zinatosha, kisha suuza vizuri.

Njia hii ni nzuri mno, na hapo ndipo penye hatari yake. Nilipokuwa mwanafunzi nilikitumbukiza humo kikuku chenye nakshi za maua, nikakitoa cheupe chote kama kijiko cha bati. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alinipa kioo cha kukuzia akaniambia nilitafute ua. Sikuliona, kwa sababu ule weusi wa ndani ya mistari aliutia fundi kwa makusudi ili nakshi isomeke, na mimi nilikuwa nimeufuta. Kwa hiyo pambo lenye nakshi liguse kwa kitambaa tu, juu ya sehemu zilizoinuka. Vilevile usitumbukize pambo lenye jiwe, lulu au gundi, wala kikuku kilicho wazi ndani, kwani baadhi yake hujazwa lakiri, na lakiri ikipata moto huyeyuka na kutokea kwenye viungo.

Hatua ya nne: shaba

Shaba ya njano isiyopakwa rangi husafishwa kwa ndimu na chumvi, au kwa ukwaju ulioloweka, kama wazee walivyosafisha masinia. Sugua kwa dakika moja, suuza kwa maji mengi, kausha papo hapo. Ukiiacha ndani ya tindikali usiku kucha, zinki iliyochanganywa ndani yake hutoka juu na shaba hubaki na rangi ya waridi iliyopauka, na rangi hiyo haiondoki kwa kuosha.

Hatua ya tano: shanga, ngozi, lulu na mawe

Mapambo ya Kimasai yaliyoshonwa juu ya ngozi au kupitishwa kwenye waya yasiloweshwe. Ngozi hukakamaa na waya wa chuma hushika kutu ndani ya shanga, mahali usipopaona. Yapanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa barabara, ukijaribu kwanza upande wa ndani kuona kama rangi inatoka, kisha uyaanike kivulini.

Lulu, marijani na kauri za baharini zote zimejengwa kwa kalisi kaboneti, ambayo huliwa na ndimu na siki. Hizo zitosheke na kitambaa chenye unyevu. Tanzanaiti, ambayo hupatikana Mererani peke yake, haistahimili mabadiliko ya ghafla ya joto, wala mashine ya kusafishia kwa mitetemo; ioshe kwa maji ya uvuguvugu, kamwe usiitoe kwenye maji ya moto ukaipeleka kwenye baridi.

Hatua ya sita: kuhifadhi

Marashi, mafuta ya nazi na moshi wa udi vitangulie. Pambo livaliwe mwisho na livuliwe kwanza. Kila pambo lipate mfuko wake wa pamba, kwa kuwa jiwe gumu hukwaruza fedha, na mikufu ikichanganyika hufungana mafundo. Usitumie mipira ya kufungia noti, maana salfa yake huacha mstari mweusi juu ya fedha. Tia ndani ya kasha vipande vya chaki au vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na wakati wa masika uvibadilishe mara kwa mara, huku ukiyakagua mapambo ya ngozi kama yameota ukungu. Mikufu ya shanga ilaze, kwani ikitundikwa uzi hurefuka kwa uzito wake.

Ushanga ukidondoka au jiwe likichomoka, usilibandike kwa gundi ya kukauka haraka. Kuondoa gundi hiyo hunichukua muda mrefu kuliko kulishika jiwe lenyewe. Kitie kilichotoka ndani ya bahasha pamoja na pambo, hata kama ni kipande cha waya chenye urefu wa punje ya mchele, umpelekee fundi vyote.