The Long Dark: kuwinda bila na wewe kugeuka kitoweo

Nianze na aibu yangu kwanza. Kwenye gemu hili la The Long Dark nilikuwa nimefika siku ya 63, nguo safi, bunduki ina risasi saba, afya imejaa, nikamdondosha kulungu kule Coastal Highway, moja ya maeneo ya gemu, pembeni ya barafu, nikamchuna palepale, nikabeba kilo nane za nyama na utumbo na ngozi juu yake nikaanza kukatiza barafu kurudi nyumbani natembea kama mtu anatoka buchani. Sikufika. Mbwa mwitu wawili, mmoja nilimwona, wa pili sikumwona. Na hili gemu kwa kawaida ukifa umekufa, seivu inafutwa, siku 63 zote zimeenda na maji.

Kwa mgeni kidogo tu: The Long Dark limetengenezwa na Hinterland, studio ya Canada, lilianza kuuzwa likiwa halijaisha 2014, likatoka kamili 2017. Uko kisiwa cha Great Bear huko kaskazini, umeme wote umekufa, baridi kali, hakuna mazombi, wabaya wako ni baridi, njaa na wanyama. Hapa naongelea ile modi ya Survival, yaani ya kujaribu kubaki hai tu, sio ya hadithi. Ina ngazi za ugumu, kama unacheza Pilgrim, ile rahisi, hii makala haikuhusu sana maana huko mbwa mwitu wanakukimbia wenyewe, lakini kuanzia Voyageur na Stalker utanielewa, na Interloper ndio kabisa maana huko bunduki hakuna, utajitengenezea upinde au ulale njaa.

Sasa kosa langu siku ile halikuwa kulenga. Kulenga nililenga vizuri, risasi moja tu. Kosa lilikuwa harufu. Watu wengi wakianza wanadhani kuwinda ni kupiga, kumbe kupiga ni sehemu ndogo, kazi inaanza mnyama akishaanguka. Kila nyama mbichi, utumbo na ngozi mbichi unayobeba inanuka, na gemu linakuonyesha kabisa kwenye skrini vile vimistari vya harufu, vinafika mpaka vitatu. Ukiona vitatu jua mbwa mwitu anakunusa toka mbali, wakati ungepita huna kitu asingekuona hata. Kwa hiyo kabla hujavuta triga jiulize nyama hii nitaipika wapi na nitapita njia gani. Kama jibu huna, mwache kulungu aende zake.

Anza na sungura, usione aibu. Okota mawe, yapo kila mahali, inama usogee taratibu, ukiwa karibu rusha. Jiwe likimpata anazimia sekunde chache tu, hapo kimbia ukamdake kabla hajazinduka, gemu litakuuliza umvunje shingo au umwachie. Mwanzoni utakosa sana, mimi kuna siku nilirusha mawe kumi na moja kwa sungura mmoja na nadhani aliniachia kwa huruma. Mzuri wa sungura ni kwamba unaweza kumbeba mzima ukamchunia ndani karibu na jiko, huku nje huachi vidole vyako kwenye baridi. Halafu mitego ya kitanzi, tega kadhaa pale wanapozurura, ondoka, rudi kesho. Mingine utaikuta imevunjika, mingine ina chakula, na hukutumia nguvu yoyote.

Kulungu ni mwoga, ukikimbia tu ameshaondoka. Inama toka mbali, simama kwa muda mfupi kupiga. Ukimpiga asianguke usimkimbize kama kichaa, anavuja damu, fuata matone kwenye theluji taratibu, na ukipoteza njia angalia juu: kunguru wanazunguka palipo na mzoga. Hao kunguru ni rafiki zako, ukiwaona wanazunguka mahali hata kama hukupiga kitu nenda kachungulie kwa tahadhari. Ila kuna njia ya wavivu ambayo naipenda kuliko zote. Ukimwona mbwa mwitu na kulungu eneo moja, tulia. Mbwa mwitu atamkimbiza kulungu, atamuua, ataanza kula, na wewe sasa kazi yako ni kumfukuza mbwa mwitu mmoja badala ya kuwinda kulungu. Hukupoteza risasi, hukupoteza mshale. Wengine wanaita wizi, mimi naita akili.

Haya, mbwa mwitu mwenyewe. Cha kwanza sikio. Akikuona anabweka, ukisikia ule mbweko simama, geuka, mtafute yuko wapi, usiendelee kutembea ukijifanya hujasikia. Hakimbilii kukuvamia moja kwa moja, anakunyatia kwanza, na huo ndio muda wako. Ukikimbia na mgongo umempa umeshamaliza hesabu, ana mbio kuliko wewe. Washa kienge au fleya (kile kijiti cha moto wa dharura) ushike mkononi, mwangalie usoni, rudi kinyumenyume kuelekea kwenye mlango au gari. Ukiwa na moto mkononi mara nyingi anasita, anazunguka, na ukimtupia kile kienge anaweza kukimbia kabisa, nasema anaweza, sio lazima. Moto wa kuni uliowasha chini ni bora zaidi, kaa pembeni yake. Kama huna moto tupa nyama. Ndio, inauma, kilo mbili za nyama umezitolea jasho, lakini anaweza kuifuata ile akakuacha, na nyama utapata nyingine maisha hupati.

Kama umeamua kumpiga, subiri aanze kukujia. Akishaanza kuja anakuja mstari ulionyooka, kichwa kimekuelekea, inama, shusha pumzi, piga kichwa. Kumpiga akiwa anazungukazunguka ni kupoteza risasi. Na kama umechoka sana mkono unatetemeka, ile shabaha haitulii, usijaribu sifa. Wa upinde nyie mna tabu moja, mpaka levo ya tano ya upinde huwezi kupiga ukiwa umeinama, inabidi usimame, kwa hiyo mazoezi fanyeni kwa sungura na kulungu kwanza.

Akikufikia mnaanza kukung'utana, bonyeza kitufe kama unapiga simu ya dharura, na uwe na kitu mkononi: kishoka, kisu, mtaimbo, nyundo, chochote, mikono mitupu ni kujitakia. Hata ukishinda hujamaliza. Funga bendeji damu isimame, halafu safisha jeraha kwa dawa au ile ndevu ya mti inayoning'inia kwenye matawi, maana usiposafisha linaweza kuoza na hapo utahitaji antibayotiki au chai ya uyoga wa reishi na usingizi mrefu. Angalia na nguo, mbwa mwitu anachana nguo vibaya, na wengi hawafi kwa meno, wanakufa saa mbili baadaye kwa baridi na koti lina matundu.

Kukiwa na ile mianga ya rangi angani usiku, aurora, hao mbwa mwitu wanawaka kijani na wanakuwa na hasira mbaya. Taa zote zilizokufa zinawaka usiku huo, hata tochi ya betri inafanya kazi, ukiwa nayo mmulike mwanga mkali. Ila ushauri wangu ni lala ndani.

Dubu sasa. Hapa ndio nataka mtulie mnisome vizuri.

Na dubu hakuna kukung'utana. Akikufikia anakurarua, wewe huna la kubonyeza, mwisho anaondoka anakuacha na damu inavuja, afya imebaki kidogo na nguo zimekuwa matambara. Ukiwa na afya ndogo tangu mwanzo hapo ndio mwisho. Kwa hiyo dubu hawindwi kwa kukutana naye njiani, anawindwa kwa miadi. Mimi nafanya hivi: namsoma kwanza siku moja mbili anapita wapi, kisha natafuta pa kujifichia karibu na njia yake, mlango wa nyumba au gari bovu la barabarani, kule Coastal Highway magari yapo kibao. Nasimama hatua chache tu toka mlangoni, naacha mizigo yote ndani ili niwe mwepesi, nasubiri awe mbali kiasi lakini sio sana, napiga kichwani. Risasi ya kichwa inaweza kummaliza palepale, usiitegemee. Mara nyingi mambo ni mawili, atakimbia akivuja damu au atakujia. Akikujia usisubiri kupiga ya pili kwa ujasiri wa kijinga, ingia ndani funga. Tulia humo, chemsha chai, tia nguo viraka. Yeye huko nje damu inaendelea kutoka, na baada ya saa kadhaa toka utafute kunguru wako wapi.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini nisikae ndani ya gari nipigie humo. Haiwezekani, ukishaingia garini hupigi. Gari ni la kujificha tu.

Fleya ya mkononi usiiamini kwa dubu kama unavyoiamini kwa mbwa mwitu. Ile bastola ya fataki ndio inamshtua, ukiipata itunze kwa ajili yake, usiipige hewani kujifurahisha.

Sasa dubu amelala chini, kilo 25 na zaidi za nyama, na wewe uwezo wako wa kubeba ni kama kilo 30 pamoja na nguo na takataka zako zote. Hapa ndio watu wanarudia kosa langu la barafu. Usibebe zote. Washa moto pembeni ya mzoga, unakupa joto, unazuia nyama isigande, unawazuia mbwa mwitu, na unapika hapohapo wakati unachuna. Mzoga ukishaganda sana mkono mtupu hautoboi, utahitaji kishoka, na saa zinaenda. Unaweza pia kuukata mapande ukayabeba ukachunie ndani, lakini mapande yananuka vibaya sana, hilo nafanya nikiwa jirani na mlango tu. Nyama inayobaki iache nje kwenye baridi, inakaa muda mrefu kuliko ndani.

Na usiifakamie. Nyama ya dubu na ya mbwa mwitu ina minyoo ya tumbo hata ukiipika, kila ukila hatari inapanda, na ikikupata ni dawa kila siku kwa siku 10. Mpaka ufike levo ya tano ya upishi, hapo unakula chochote ulichopika bila wasiwasi. Kabla ya hapo kula sungura na kulungu, nyama ya dubu ipike upandishe levo.

Moose sitaongea sana. Ni mnyama mkubwa kama ng'ombe, pembe kama beleshi, hakutafuti kukula ila ukimsogelea anakukanyaga mpaka mbavu zinavunjika, na mbavu zikivunjika unalala siku nyingi huna la kufanya. Mpige ukiwa juu ya jabali au jirani na mlango. Ngozi yake inatoa begi linalokuongezea kilo 5 za kubeba, ndio sababu pekee ya mimi kumsumbua. Na wale mbwa mwitu wa kundi kule eneo la Bleak Inlet wana mstari wao wa ujasiri kwenye skrini, kila risasi na moto unaushusha, ukiisha wote wanatoka mbio. Nendeni huko na risasi za kutosha au msiende.

Ngozi ya dubu itandaze sakafuni ndani ya nyumba, nje haikauki, na inachukua siku 12 kamili. Koti lake linataka ngozi mbili, kwa hiyo wakati hiyo inakauka anza kuulizia mwenzake anapita wapi.