Kuku akiatamia, mwachie joto. Wewe linda kivuli

Kuku aliyeamua kuatamia hubaki kiotani hata usiku, hutuna manyoya na kukudonoa ukimkaribia. Kifuani huwa amenyonyoka, na ngozi hiyo tupu ndiyo inayoyapa mayai joto la nyuzi 37 hadi 38. Siku 21 za kuatamia anajua kuzisimamia. Mfugaji wa Mombasa azuie mambo mawili tu: mayai kuharibika kabla ya kulaliwa, na banda kumpika kuku.

Kiinitete, yaani kifaranga kinachoanza ndani ya yai, huanza kukua joto likizidi nyuzi 21 hivi, na vyumba vya Kisauni au Likoni ni nadra kushuka hapo. Yai lililokaa wiki mbili kabatini mara nyingi limeshaanza, likasita, likafa. Okota kila siku, yaweke ubavuni mwa mtungi wa maji, ncha nyembamba chini, na usitumie yaliyopita siku 5.

Kuku wa kienyeji mpe mayai 10 hadi 12, yote usiku mmoja. Ukimzidishia, hasara haiishii kwa yale ya pembeni. Yeye huyageuza kwa mdomo na kuyahamisha, ya ukingoni yaje katikati, kwa hiyo kila yai hupata zamu yake ya baridi.

Kiota: pakacha au sanduku, mchanga chini uliobonyezwa katikati, jivu kidogo, kisha nyasi kavu. Jivu ni la kuzuia utitiri, maana utitiri ukizidi kuku hukimbia. Kiweke chini ya makuti. Chini ya mabati, mwezi Februari, utamkuta amesimama juu ya mayai akihema mdomo wazi.

Mara moja kwa siku hutoka dakika 15 hadi 30 kula na kujisaidia. Usimrudishe kwa fimbo. Mayai kupoa kidogo hakudhuru. Wala usiyanyunyizie maji kwa kufuata maelezo ya mashine za kuangulia: yai linapaswa kupoteza kama asilimia 12 ya uzito wake ili nafasi ya hewa ipanuke, na hewa ya pwani tayari ina unyevu wa kutosha.

Usiku wa siku ya 7 na ya 14 yamulike kwa tochi. Lenye mishipa myekundu liko hai. Lililo jeupe tupu liondoe, na viza pia, kabla halijapasuka.

Kuanzia siku ya 18 usiguse kitu. Usimbandue kifaranga ganda, atatoka damu. Waliotangulia wana kiini tumboni, wanaweza kukaa siku mbili bila chakula. Ukiwatoa mapema, mama huwafuata na mayai yaliyobaki hupoa.