Biti ndogo za kuchonga nakshi kwenye chuma: kuchagua na kujitengenezea

Kabla hujanunua biti yoyote angalia koleti (kile kishikio kinachobana biti) ya mashine yako inashika shina la unene gani, saizi utakazokutana nazo sana ni milimita 2.35, 3 na 3.175, na hizo mbili za mwisho kwa macho huwezi kuzitofautisha ila ukibana ya 3 kwenye koleti ya 3.175 inaweza kukaa upande na ncha ikayumba, na ncha ikiyumba hata uwe na mkono mzuri vipi mstari utatoka mpana na wenye kingo chafu. Izungushe taratibu huku umeweka karatasi nyeupe nyuma yake, ukiona ncha inacheza itoe uibane upya.

Biti za kabaidi (tungsteni iliyochanganywa na kaboni) ni ngumu kweli, inakula hadi chuma cha pua na stili iliyokazwa kwa moto, lakini ukiilalia kwa ubavu inakatika kama kioo. Haispidi, yaani stili ya spidi kubwa (HSS), ni laini kuliko kabaidi ila inavumilia, na kwa shaba, fedha na aluminiamu inatosha kabisa, so kwa anayeanza nashauri haispidi kwanza, mkono ukishatulia ndo uhamie kabaidi. Na usinunue seti kubwa, maumbo mengi hutayagusa. Chukua biti ndogo yenye kichwa cha duara kama mpira ya kuchimbia, koni ya mistari, na koni iliyogeuzwa ya kusafishia pembe, basi. Meno machache yenye nafasi ni ya metali laini kwa sababu vumbi lake linanata na kuziba meno, meno mengi madogo ni ya chuma kigumu. Pakaza nta kidogo kwenye biti mara kwa mara, kwenye aluminiamu ndo usisahau kabisa.

Spidi inategemea unene wa kichwa. Ukitaka ukingo wa biti uende mita 30 kwa dakika, kichwa cha milimita 1 kinahitaji mizunguko kama 9,500 kwa dakika, cha milimita 3 kama 3,200 tu, kwa hiyo wanaozungusha kila biti kwa spidi ya mwisho ndo hao wanachoma haispidi zao.

Sasa kutengeneza, na hapa ndo penye utamu, maana kwa mistari myembamba biti ya jino moja uliyoinoa mwenyewe inakata safi kuliko nyingi za dukani zenye meno kibao. Usitupe kabaidi zilizovunjika. Ibane kwenye mashine, izungushe taratibu huku ukiigusisha kwenye jiwe la kunolea lenye chembe za almasi mpaka ipate ncha ya koni, hakikisha jiwe lina maji, na uvae miwani na barakoa, vumbi la kabaidi lina kobalti na linadhuru mapafu. Koni ikishakaa sawa simamisha, saga ubavu mmoja uwe bapa mpaka ufike katikati kabisa ya ncha. Ukiishia kabla ya katikati itasugua badala ya kukata, ukipitiliza sana ncha inakuwa dhaifu.

Halafu sehemu ambayo wengi wanairuka: mgongo nyuma ya makali lazima ushuke kidogo ili makali tu ndo yaguse chuma. Paka wino wa maka pen kwenye mgongo, chonga mstari mfupi, kisha angalia kwa lenzi. Wino ukifutika mbali na makali, mgongo bado unasugua, saga tena kidogo. Ukifutika pale pale kwenye makali tu, umepatia, na utaliona hilo kwenye chenga zinazotoka, zitakuwa vipande vinavyong'aa na sio unga.

Kama huna kabaidi tumia fimbo ya stili ya kaboni inayokazwa kwa mafuta. Izungushe kwenye drili uipe umbo kwa tupa laini, kata jino au meno kwa tupa ndogo ya pembetatu, halafu ipashe moto mpaka iwe nyekundu na sumaku ikatae kuishika, ongeza moto kidogo tu na uizamishe kwenye mafuta ikiwa wima, ukiizamisha kwa kuilaza inapinda. Jaribu kwa tupa: ikiteleza bila kukwaruza, imekaza. Ila ikiwa hivyo ni rahisi kukatika, kwa hiyo isugue kwa msasa ing'ae, pasha upande wa shina polepole na uangalie rangi ikitembea kuelekea kwenye ncha, manjano ya majani makavu ikifika kwenye makali izamishe majini hapo hapo. Shina likiwa la bluu ni sawa kabisa, linakuwa na uvumilivu, ila ncha ikigeuka bluu ugumu umepungua na itabidi urudie kuanzia moto wa kwanza. Malizia makali kwa jiwe laini la kunolea, na kwenye kazi iendeshe polepole kuliko haispidi, stili hii ikipata moto mwingi makali yanalegea.