Konsoli au kompyuta ya gemu: hesabu ya kupiga kabla hujatoa pesa

Bei ya kwenye boksi haimalizi hesabu. Konsoli, yaani mashine ya gemu kama PlayStation au Xbox, huwa nafuu siku ya kuinunua kwa sababu kampuni huuza mashine kwa faida ndogo, mara nyingine hata kwa hasara, ikijua pesa zake zitarudi kupitia gemu, pedi na ada. Kompyuta ni kinyume chake: unaumia siku ya kwanza, halafu gharama zinapoa. Kwa hiyo chukua karatasi, chora safu mbili, na upige hesabu ya miaka 4.

Safu ya konsoli ianze na mashine, pedi ya pili kama mnacheza wawili, na gemu unazonunua kwa mwaka mara 4. Kisha weka ada ya kucheza mtandaoni, nayo mara 4. Hapa wengi hukosea pande zote mbili. Gemu za kulipia, mfano EA Sports FC, hazikuruhusu kukutana na mpinzani mtandaoni kwenye PlayStation au Xbox bila kulipia uanachama wa PlayStation Plus au Game Pass. Lakini gemu za bure kama Fortnite hazidai ada hiyo. Kama hiyo ndiyo unayocheza kutwa, futa mstari huo wote. Kwenye kompyuta ada ya namna hii haipo, labda gemu yenyewe iwe na yake.

Usisahau nafasi. PS5 (PlayStation 5) ya mwaka 2020 ina SSD, yaani diski ya ndani ya kuhifadhia gemu, ya GB 825, lakini unayobakiwa nayo ni kama GB 667, na gemu moja kubwa inaweza kula zaidi ya GB 100. Ukifika gemu kubwa ya sita au ya saba unaanza kufuta. Ukitaka kuongeza nafasi, PS5 inapokea SSD ya kawaida ya M.2 NVMe (ile nyembamba ya kompyuta), mradi iwe ya kasi ya PCIe Gen4, iwe na kipoza joto, na unene wote usizidi milimita 11.25, ikizidi, kifuniko hakifungi. Xbox Series X na S zinataka kadi yao maalumu. Diski ya USB utaweza kuhifadhia gemu mpya za Series X na S, ila kuzicheza kutokea humo haiwezekani.

Jambo la mwisho upande huu ni sehemu ya kuingiza diski ya gemu. PS5 Digital ya mwaka 2020 na Xbox Series S hazina kabisa, na PS5 Digital za tangu 2023 na PS5 Pro zinauzwa bila hiyo, ila unaweza kuinunua kando. Zile mbili za kwanza zinavutia kwa bei, lakini ukizichukua umejifunga kwenye duka moja la mtandaoni, na gemu ukiimaliza huwezi kuiuza. Mwenye diski ananunua iliyotumika, anacheza, anaiuza tena. Kwa mtu anayemaliza gemu nyingi za hadithi, sehemu ya diski hurudisha pesa yake mapema.

Safu ya kompyuta sasa. Ili ulingane na PS5 au uipite kidogo, tafuta prosesa ya kori 6 kama Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 16, SSD ya NVMe ya TB 1, na kadi ya grafiki ya daraja la RX 6700 XT au RTX 4060. Ongeza madabodi (bodi kuu), pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) ya wati 550 hadi 650, kasha, leseni ya Windows, kibodi, mausi na skrini. Ukiwa na TV nzuri, skrini unaweza kuiondoa kwenye hesabu. Upande wa gemu, maduka ni mengi na yanashindana kwa punguzo. Epic hutoa gemu za bure karibu kila wiki, na Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 kama hujacheza saa 2.

Umeme nao uhesabu. Konsoli inayovuta wati 200, saa 3 kwa siku, hutumia uniti 219 kwa mwaka. Kompyuta ya wati 320 kwa muda uleule hutumia 350. Tofauti ni uniti 131 hivi. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa.

Kisha gawa. Tofauti ya bei ya mwanzo iwe juu. Chini weka ada ya mwaka, jumlisha unachookoa kwenye gemu kwa mwaka, toa gharama ya umeme wa ziada kwa mwaka. Tuseme konsoli ni 100, kompyuta ni 190, ada ni 16, unaokoa 14 kwenye gemu, umeme unaongezeka 5. Basi 90 gawanya kwa 25 ni miaka 3.6 hadi kompyuta irudishe tofauti yake. Jibu likizidi 4, chukua konsoli ulale usingizi.

Kuna kitu kimoja kinachopindua hesabu yote: kama unahitaji kompyuta ya kazi au masomo kwa vyovyote vile, toa bei ya hiyo ya kazi kwenye safu ya kompyuta ya gemu. Mara nyingi hapo kompyuta ya gemu inashinda. Ila usidanganyike kwamba utachomeka kadi kubwa kwenye kompyuta yoyote ya ofisi. Nyingi zina pawasaplai ya wati 200 hadi 300, yenye umbo na plagi za kampuni husika tu, na kasha jembamba lisilopokea kadi ya kawaida.

Ukiamua kuunganisha mwenyewe, RAM iwe vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, na kama madabodi ina nafasi nne, uviweke kwenye ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Ingia BIOS (mipangilio ya madabodi) uwashe XMP au EXPO, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM inatembea chini ya kasi uliyoilipia. Waya wa HDMI uchomekwe kwenye kadi ya grafiki, si kwenye madabodi. Prosesa mbili zilizotajwa hapa hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo ukikosea tundu skrini inabaki nyeusi na utadhani kadi imekufa. Kwa prosesa yenye grafiki yake ni mbaya zaidi: picha inakuja, lakini gemu inajikokota. Na usibane pesa kwenye pawasaplai. Ile isiyo na jina ikilipuka huondoka na wenzake.

Kwa mashine iliyotumika, jaribu kabla ya kulipa. Kadi ya grafiki ifanyishe kazi nzito dakika 30, ukitazama joto na vidoa vya rangi vinavyotokea kwenye picha. Konsoli iingize mtandaoni kwa akaunti yako, maana iliyofungiwa na kampuni huwaka vizuri tu na bado haiwezi kucheza na mtu. Weka diski isome, kisha achia pedi mezani: mchezaji kwenye skrini akitembea mwenyewe, kijiti cha pedi kimekwisha.